Pokémon kwa anayeanza sifuri: soma hapa kabla ya kuniandikia pembeni

Wiki haipiti bila mtu wa hapa Goma kuniuliza aanzie wapi Pokémon, ile michezo ya video ya kukamata viumbe na kuwapiganisha. Naandika mara moja tu, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Majina ya viumbe ni ya Kifaransa, maana ndiyo wengi wetu tunachezea.

1. Si lazima uanze na mchezo ule wa kwanza. Ulitoka Japani mwaka 1996 ukiwa na viumbe 151. Leo wamepita 1,000. Karibu kila mchezo una nchi yake na mabingwa wake, kwa hiyo ukiingilia katikati hupotezi kitu.

2. Konsoli. Kama Switch ya Nintendo iko nyumbani, Let's Go (2018) ni laini kwa mtoto, na Écarlate au Violet (2022) inakuacha utembee unakotaka. Kama mfuko ni mwembamba, tafuta konsoli ya zamani, Game Boy Advance, na Rouge Feu au Vert Feuille (2004). DS ya kwanza na DS Lite zinapokea kaseti hizo pia. DSi na 3DS hazina tundu lake, muuzaji aapie asiapie. Tena usinunue matoleo mawili ya mchezo uleule, kama Rouge Feu na Vert Feuille: hadithi ni moja, wanatofautiana viumbe wachache. Rafiki yako anunue lile lingine, mtabadilishana.

3. Kaseti iliyotumika. Ukienda Birere, usilipe kwa kuangalia karatasi ya juu. Kaseti halisi ya Game Boy Advance ina namba mbili ndogo zilizogandamizwa kwenye karatasi hiyo. Igeuzie mwanga utaziona. Ukichungulia chini, juu ya meno ya shaba, kumeandikwa Nintendo. Kisha cheza kidogo, hifadhi, zima, toa kaseti, rudisha, washa. Mchezo umepotea? Mrudishie mwenyewe. Lakini ujue kuna za bandia zinazofaulu mtihani huo na kukusaliti mwisho kabisa, ukishawashinda mabingwa wa Ligi. Ndiyo maana namba na maandishi nimevitanguliza.

4. Lugha, profili na kuhifadhi. Hapa msome polepole.

Kwenye Écarlate na Violet, kitu cha kwanza unachoulizwa ni lugha. Watu wanabonyeza haraka wafike kwenye mchezo, halafu baada ya siku nyingi wanataka Kifaransa. Haibadiliki tena. Kuibadilisha ni kufuta yote na kuanza upya. Kiswahili hakimo, kwa hiyo chagua ile utakayoisoma bila kuchoka, maana maandishi ni mengi.

Pili, kila profili ya Switch inabeba mchezo mmoja tu. Mdogo wako akifungua kwa profili yako, haanzi wa kwake: anaendeleza wako. Anaweza kumwachilia porini kiumbe uliyemlea mwezi mzima, kisha mchezo ukajihifadhi wenyewe. Kwa hiyo kila mtu atengenezewe profili yake kabla kaseti haijaingizwa. Haihitaji intaneti wala mega. Ule uhifadhi wa kujiendesha unaweza kuzimwa kwenye mipangilio, ila ukiuzima ni jukumu lako kukumbuka.

Kwenye Rouge Feu nafasi ni moja kwa kaseti nzima. Mtu akianza «Nouvelle partie» bado hajaharibu. Anaharibu akihifadhi juu ya wako. Onyo linatokea kwenye skrini, lakini mtoto hasomi onyo. Na kaseti isichomolewe wakati inahifadhi, hata kama nyumba inaungua.

Hifadhi pia kabla ya kumgusa Artikodin, Électhor, Sulfura au Mewtwo, maana kila mmoja yuko mmoja tu kwenye mchezo. Ukimuua kwa bahati mbaya, zima bila kuhifadhi, urudi.

5. Kiumbe wa kwanza. Chukua unayempenda.

6. Kukamata. Mpunguze nguvu, mlaze usingizi, ndipo urushe Poké Ball, mpira wa kukamatia. Usimtie sumu wala kumchoma, atakufia mkononi.

7. Aina. Maji hushinda moto, moto hushinda mmea, mmea hushinda maji. Zingine utazijua kwa kupigwa.

MASWALI

Katindo_Boy: Starter gani mzuri?

— Namba 5.

Katindo_Boy: Nimesoma. Lakini gani mzuri?

— Bulbizarre.

Sifa wa Ndosho: Yaya, mimi nilichukua Salamèche kwenye Rouge Feu, na Pierre ananipiga kila mara. Nifute nianze tena?

— Usifute, mdogo wangu! Pierre, bingwa wa kwanza, anatumia mwamba, na mwamba unauzima moto wako. Mfikishe Salamèche nivo 13, atajifunza Griffe Acier, na chuma huvunja mwamba. Kama huna subira, toka mji wa Jadielle uelekee magharibi, kwenye majani kuna Férosinge. Aina yake ni Combat, naye pia anamuweza Pierre. Usimwache baadaye, anasaidia.

Mkali243: Iko kwa PS4?

— Haiko.

Mkali243: Mbona nimeona video?

— Video umeona. PS4 haiko.

Chargeur_Majengo: Umesahau kusema watu wapakue bure kwa telefone.

— Sijasahau. Faili za mtaani zikimharibia mtu simu, atakuja kunililia mimi. Somo ni la kaseti.

Mama Mapacha: Mwanangu, niko na watoto watatu, Switch moja, kaseti moja. Itatosha ao ninunue zingine?

— Inatosha kabisa, mama. Profili tatu, kila mtoto na mchezo wake kwenye kaseti hiyohiyo. Kitu kimoja tu: hawataweza kubadilishana viumbe wao kwa wao, hiyo inataka konsoli mbili. Msiongeze kaseti kwanza, waone kama wataupenda.

Himbi_Joueur: Spectrum wangu amefika nivo 40 na hageuki Ectoplasma. Kaseti ni mbovu?

— Swali zuri. Kaseti ni nzima. Spectrum anageuka ukimbadilisha na mtu, nivo haimhusu. Kadabra, Machopeur na Gravalanch vilevile. Mpe rafiki, ageuke, akurudishie. Kwa Game Boy Advance mnahitaji kebo. Switch mbili zikiwa chumba kimoja zinaonana zenyewe bila mega hata moja. Chagua rafiki anayerudisha vitu.

Himbi_Joueur: Asanti sana mukubwa. Na Pokémon GO, ile ya simu, inafaa hapa?

— Inakula mega na betri, na mipira ikiisha unatembea hadi kituo cha mchezo kuchukua mingine. Jioni usitembee barabarani huku simu iko mkononi. Ila sisi Afrika tuko na Tropius, yule mwenye ndizi shingoni. Wachezaji wa sehemu kubwa ya dunia hawampati porini kwao.

Sifa wa Ndosho: Yule! Nilikuwa na wanne, wote nilimtumia Profesa wa mchezo nipate pipi.

— Aa, Sifa! Kuanzia leo weka wawili kando. Kwa kawaida kubadilishana kwenye GO ni lazima muwe karibu, kwa hiyo subiri ndugu anayekuja likizo toka Ubelgiji, na umwambie mapema akuletee wa kwao.