Kifundo cha Mguu Kinachoteguka Kila Mara: Kurejesha Mwendo Wake Hatua kwa Hatua

Wengi wanaofika katika chumba changu cha tiba ya viungo hapa Nairobi wakilalamikia kifundo kinachoteguka kila mara huamini kwamba kifundo hicho kimelegea, na hushangaa ninapowaambia kwamba kimekaza pia. Yote mawili ni kweli. Kano za upande wa nje, hasa ile fupi iliyo mbele, zililegea mguu ulipoteguka, lakini mara nyingi uwezo wa kuinamisha goti mbele huku kisigino kikibaki chini nao hupungua, na huo ndio mwendo tunaoutafuta. Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye mwaka mmoja au zaidi umepita tangu ateguke vibaya, na bado mguu hujipinda anaposhuka kwenye matatu au anapokanyaga ukingo wa lami.

Mwendo huo una uzito kwa sababu ya umbo la talasi, mfupa ulioshikwa kati ya nundu mbili za kifundo. Talasi ni pana zaidi mbele kuliko nyuma. Goti linapoinama mbele, mfupa huo huteleza kuelekea nyuma, na sehemu yake pana huingia kati ya nundu na kushikwa imara. Vidole vinapoelekea chini, ni sehemu nyembamba inayobaki humo, na kifundo huwa huru kupinda. Anayeruka kutoka kwenye matatu ambayo haijasimama hutua kwa vidole kwanza, yaani katika mkao ambao kifundo chake kina ulinzi mdogo kabisa.

Kabla ya kuanza

Ikiwa umeteguka tena siku hizi, usifanye mazoezi haya kwanza. Bonyeza ukingo wa nyuma wa kila nundu, kuanzia ncha yake hadi sentimita 6 juu, kisha ubonyeze katikati ya ukingo wa nje wa wayo na mfupa ulio juu ya upinde wa ndani wa wayo. Ukisikia maumivu kwenye mfupa wenyewe, au ukishindwa kutembea hatua 4, nenda ukapigwe eksirei. Kifundo kinachokwama katikati ya mwendo, au wayo unaokufa ganzi, pia kinahitaji kuonwa na daktari.

Hatua ya 1: Pima

Vua viatu, simama ukielekea ukutani, na uweke rula sakafuni kando ya wayo. Sogeza goti mbele mpaka liguse ukuta, kisha urudishe wayo nyuma kidogo kidogo, ukijaribu tena kila mara, hadi ufikie umbali wa mwisho ambapo goti bado linagusa bila kisigino kuinuka. Umbali kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani ndio kipimo chako. Kwa kuwa kisigino hudanganya, tandika ukanda wa karatasi chini yake na umwombe mtu auvute: karatasi ikichomoka, kisigino kimeinuka na kipimo hicho hakifai. Goti nalo lielekee kidole cha pili, lisiporomokee ndani.

Pima miguu yote miwili. Watu wazima wengi wenye vifundo vizima hufikia sentimita 10 hivi au zaidi, lakini kinachonipa mimi mwelekeo ni tofauti kati ya mguu mmoja na mwingine. Kila sentimita moja ni takriban digrii 3 na nusu, kwa hiyo tofauti ya sentimita 2 si jambo la kupuuzwa. Ikiwa hakuna tofauti na vipimo vyote ni vizuri, kukaza si tatizo lako; nenda moja kwa moja hadi hatua ya 4.

Ukiwa bado ukutani, jiulize unakazwa wapi. Mvutano kwenye shavu la mguu humaanisha misuli, nawe utaanza na hatua ya 2. Kubanwa mbele ya kifundo humaanisha kiungo chenyewe, na hapo hatua ya 3 ndiyo muhimu zaidi.

Hatua ya 2: Nyoosha shavu la mguu

Egemea ukuta, mguu wenye tatizo ukiwa nyuma. Nyoosha kwa sekunde 30, mara 3, goti likiwa limenyooka, kisha urudie vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa. Wengi husahau mkao wa pili, ilhali ndio unaofikia msuli wa ndani.

Hatua ya 3: Vuta talasi nyuma

Huna haja ya kununua ukanda ghali. Fundi wa pancha atakukatia kipande cha tyubu ya baiskeli, ile blada ya kufungia mizigo. Kifunge kwenye grili ya mlango, karibu na sakafu, usimame ukiipa grili mgongo, na upandishe mguu kwenye kibao kifupi kisichoyumba. Ukanda upite mbele ya kifundo, chini ya nundu zote mbili, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili ngozi isichunike. Ukanda ukipanda juu ya nundu, utauvuta muundi nyuma, na hilo ni kinyume kabisa cha tunachokitaka. Songa mbele hadi ukanda ukaze, kisha uinamishe goti polepole, ukae hapo sekunde 2, urudi. Fanya mara 10, kwa awamu 3. Maumivu yakitokea, shusha ukanda kidogo au upunguze mvuto; yakiendelea, acha.

Pima tena papo hapo. Ukiona sentimita moja imeongezeka, umepata zoezi lako.

Sishauri kuupinda wayo kwa ndani ili kuunyoosha, hata kama kufanya hivyo kunapendeza, kwa maana kano zilizolegea hazihitaji kuvutwa zaidi.

Hatua ya 4: Utumie mwendo uliopata

Mara tu baada ya ukanda, simama kwa mguu mmoja karibu na fremu ya mlango, kisha unyooshe mguu mwingine mbele, nyuma upande wa nje, na nyuma upande wa ndani, ukigusa sakafu kidogo tu. Ukizoea, shuka ngazi moja polepole, mguu wenye tatizo ukibaki juu na kisigino chake kikikaa chini. Malizia kwa kusukuma wayo nje dhidi ya ukanda wa hatua ya 3, ili kuimarisha misuli ya upande wa nje wa mguu.

Fanya haya siku 5 kwa wiki, kwa angalau wiki 6, ukipima mara moja kila wiki kabla ya mazoezi. Anayecheza kandanda kwenye viwanja vya murram asione aibu kuvaa kishikizo cha kifundo katika kipindi hiki. Ikiwa mguu bado unajipinda baada ya miezi kadhaa ya mazoezi yenye usimamizi, muone daktari wa mifupa. Upasuaji wa kukaza kano, ulioelezwa na Lennart Broström wa Uswidi mwaka 1966, bado unafanywa, na anayefanyiwa hurudi kwenye mazoezi ya mwendo na usawa baadaye.