Nguva: jinsi ya kuchukua sampuli ya vinasaba na kusoma kupungua kwake

Mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, iliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka: waliokomaa hawafiki 250. Kundi kubwa lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji. Kwa hiyo mzoga mmoja ukionekana Msimbati au Kilwa Masoko, usipotee bure.

Hatua ya 1: Ruhusa. Nguva analindwa na sheria. Mpigie afisa uvuvi na viongozi wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) kabla hujagusa chochote. Mvuvi aliyeleta habari usimtishe, hata kama jarife lake ndilo lililomnasa. Akiogopa, mzoga ujao utagawanywa usiku na hutasikia.

Hatua ya 2: Nyama. Vaa glavu. Osha kisu kwa jiki, kisha kisuuze kwa maji safi. Kata ngozi na nyama iliyo chini yake, kiasi cha ncha ya kidole. Kipande kikubwa huoza katikati. Kitie kwenye ethanoli ya asilimia 95, angalau mara tano ya ujazo wake, na uibadilishe kesho yake kwa kuwa maji ya nyama yameizimua. Formalini usitumie, inaharibu vinasaba (DNA). Huna ethanoli? Fukia kipande kwenye chumvi kavu nyingi, usingoje gari la mjini. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa. Mimi niliwahi kuandika kwa kalamu ya wino. Sampuli tatu zikabaki bila jina wala tarehe, na hadi leo inaniuma.

Hatua ya 3: Mifupa ya zamani. Ukipata fuvu au jino lililohifadhiwa nyumbani kwa mtu, usilichemshe wala kulipaka vanishi. Lifunge kwenye karatasi, liwe pakavu. Kutoboa ni kazi ya maabara.

Hatua ya 4: Kumbukumbu za wazee. Mfupa bila tarehe hausemi mengi, na mzee ukimuuliza mwaka atakisia. Muulize kwa matukio: "Shikamoo babu. Huyu alipatikana kabla ya kile kimbunga kilichopiga Lindi, au baada?" Kimbunga kile ni cha Aprili 1952. Kwa wasiokifikia, tumia Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera, au kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003. Usiulize "walikuwa wangapi?" Uliza nyavu zilikuwa za pamba au za nailoni, na mara ya mwisho kumwona nguva akiwa na mtoto ilikuwa lini. Jibu la swali la mtoto ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Hatua ya 5: Kusoma majibu. Maabara huanza na DNA ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nguvu; DNA hiyo hupita kwa mama tu. Kwa Wamakonde na Wamwera hili halihitaji maelezo marefu: ni ukoo wa kwa mama. Hesabu koo ngapi zimo katika sampuli zako.

Hapa wengi hukosea. Wakikuta koo nyingi, wanasema nguva wako salama. Nguva anaweza kuishi miaka 70, na huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena. Bibi aliyezaliwa wakati wenziwe ni wengi bado anaogelea na ukoo wake, ingawa kundi limekwisha. Vinasaba huchelewa kutoa habari ya msiba. Ndiyo maana linganisha na mifupa ya zamani, tena kwa idadi sawa: ukiwa na mifupa 20 na nguva wapya 5, chagua mifupa 5 kwa bahati nasibu, uhesabu koo zake, urudie mara nyingi, uchukue wastani. Usipofanya hivyo, wingi wa mifupa pekee utakuonyesha upungufu usiokuwepo.

Utafiti wa 2019 uliotumia mifupa na meno ya makumbusho ulionyesha kuwa koo za magharibi mwa Bahari ya Hindi si zile za Australia. Wa kwetu wakiisha, hatuna pa kuazima.

Hatua ya 6: Kusafirisha. Nguva yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, hivyo hata kichupa kimoja kinahitaji vibali vya nchi zote mbili. Gawa kila sampuli kabla haijaondoka; nusu ibaki Tanzania.