Namna ya kulinganisha ukomunisti na demokrasia bila kurushiana maneno barazani

Huku Lamu mabishano haya hayeshi, mmoja anasema Wachina ndo wametujengea bandari kwa hiyo ukomunisti unafanya kazi, mwengine anasema afadhali demokrasia hata ukiwa na njaa angalau utasema una njaa, alafu isha inaadhiniwa na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Mi nishachoka kusikiliza kwa hiyo naandika hapa njia ninayoona inasaidia, atakaye aichukue.

Kwanza panga majina. Demokrasia ni habari ya nani anatawala na mtamtoaje, ukomunisti asili yake ni habari ya mali, kiwanda cha nani na shamba la nani. Hata Sovieti wenyewe, yaani Urusi na nchi zilizoungana nayo, walikuwa wakisema wao bado wako kwenye ujamaa, ukomunisti utakuja mbele. Kwa hiyo tunachobishania hasa ni nchi zilizotawaliwa na chama kimoja cha kikomunisti, kama Sovieti mpaka 1991, Ujerumani Mashariki, Kuba, Vietnam, Uchina. Na mtu akikutajia Uchina muulize ya mwaka gani, manake kabla ya mageuzi ya uchumi ya 1978 na baada yake ni vitu viwili mbalimbali kabisa.

Pili, karatasi ilinganishe na karatasi na mtaa na mtaa, yaani yaliyoandikwa na yaliyoandikwa, yanayotendeka na yanayotendeka. Hapa ndo watu wanadanganyana sana, anachukua katiba ya upande wake anaiweka na jela za upande wa pili. Katiba ya Sovieti ya 1936 iliandika uhuru wa kusema na kukusanyika, tena vizuri tu, na 1937 na 1938 watu wakapigwa risasi kwa malaki. Sasa usicheke haraka, katiba yetu ya Kenya ya 2010 ibara ya 37 inasema una haki ya kuandamana, muulize aliyekuwa barabarani Juni 2024 polisi walipowapiga risasi waandamanaji. Si kwamba nasema ni sawasawa, idadi haikaribiani hata kidogo, nasema tu pima kwa kipimo kimoja.

Tatu, na hii ndo kubwa, chukua kazi moja unayoijua uifuate pande zote mbili. Sisi tunajua uvuvi. Lamu, baada ya watalii kutekwa 2011, wavuvi walikatazwa kutoka usiku kwa miaka, na mvuvi anajua kuna samaki hawaji mchana, kwa hiyo ni nchi ya kidemokrasia lakini mtu kazuiwa kwenda kazini kwake. Alafu ikaja bandari, bahari ikachimbuliwa, mahali pa kutega pakaharibika. Lakini wavuvi wakaenda kortini wakaishtaki serikali, na 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Malipo yenyewe yakaburutwa miaka, hilo kila mtu huku analijua, ila kesi ilifunguliwa na serikali ikashindwa.

Sasa nenda Moynaq, mji wa wavuvi kwenye ziwa Aral, leo ni Uzbekistan, wakati huo Sovieti. Kuanzia miaka ya 1960 wakubwa wakaamua maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yaende kumwagilia pamba, ziwa likarudi nyuma, maji yakawa chumvi tupu, samaki wakafa, vyombo vikabaki vimekaa juu ya mchanga mpaka leo watu wanaenda kuvipiga picha. Hakuna mvuvi aliyeweza kuishtaki Moscow. Lakini angalia na upande huu, kile kiwanda chao cha samaki wa makopo hakikufungwa mara moja, serikali ikawa inawaletea samaki walioganda kwa treni kutoka bahari za mbali huko ili watu wasikose kazi. Nani angetufanyia hivyo sisi? Ndo maana nasema ukifuata kazi moja utaona kile ambacho maneno makubwa yanakificha, huku kuna mlango wa kulalamikia na mshahara hamna, kule mshahara upo na mlango umefungwa.

Kwenye usawa usihesabu pesa peke yake, hesabu na foleni. Ujerumani Mashariki mishahara haikupishana sana na kodi ya nyumba ilikuwa rahisi mno, lakini gari la Trabant ungengoja zaidi ya miaka kumi, na palikuwa na maduka ya Intershop ambayo bila pesa ya kigeni hununui kitu, kwa hiyo mwenye shangazi magharibi alikuwa tajiri. Huku kwetu tofauti haijifichi, ukipita Shela, hapa Lamu penye majumba ya matajiri, utaiona kwenye kuta tu.

Takwimu nazo zipo, ile ya Gini, sifuri ni wote sawa na 100 ni mmoja kachukua vyote. Afrika Kusini, demokrasia, iko kama 63. Nchi za Skandinavia, demokrasia vilevile, ziko chini ya 30 hivi. Uchina kwa hesabu zao wenyewe wako 46 na kitu, Kenya iko chini ya 40, ila usikimbilie kushangilia manake Kenya inapimwa kwa matumizi ya nyumba na Uchina kwa mapato, na matumizi kwa kawaida yanaonesha pengo dogo zaidi.

Mwisho waulize wazee. Pwani hii kuna familia zilizokuja kwa majahazi zikikimbia Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 yaliyoleta utawala wa chama kimoja, watakwambia yao. Alafu ukivuka Unguja utafute na yule aliyebaki akapewa fleti Michenzani, zile zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, umuulize alikuwa analala wapi kabla ya hapo na alikuwa anaweza kusema nini mbele ya watu akiwa ndani ya hiyo fleti. Na usimkatize.