Goti likilika: bakora, paja na nusu saa ya asubuhi

Miezi minne nilitembea na bakora kimakosa. Goti bovu ni la kulia, na bakora nikaishika mkono wa kulia, kama wazee wa kwenye maigizo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniangalia nikivuka chumba, akacheka. Bakora hushikwa upande wa mguu mzima, ikatua pamoja na mguu mgonjwa. Ukisimama wima na mikono ukiiachia ining'inie, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono. Ngazi nazo zina utaratibu: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni osteoathraitisi. Ncha za mifupa zinapokutana zimefunikwa na gegedu, laini na telezi. Likichakaa, vijinundu vya mfupa huota pembeni na utando wa ndani ya kiungo huweza kuvimba. Gegedu halina neva; kinachouma ni mfupa, utando na vilivyo jirani. Ndiyo maana eksirei ya mtu yaweza kutisha na mwenyewe anapanda ngazi bila kuguna.

Angalia asubuhi. Mimi hukakamaa kama dakika kumi na tano, kisha goti linafunguka. Ukakamavu wa osteoathraitisi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Ukidumu saa nzima na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, yaweza kuwa baridi yabisi ya aina nyingine. Muone daktari mapema. Goti likivimba ghafla, likawa la moto, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kupumzika. Paja lilisinyaa, goti likakosa wa kulishika. Sasa, maji ya chai yakiwa jikoni, nakaa kitini, nanyoosha mguu, nakaza paja, nahesabu hadi tano, nashusha polepole. Mara kumi kila mguu. Likiuma kidogo, naendelea; maumivu yakilala nami hadi kesho yake, napunguza hadi mara tano, ila siachi.

Uzito pia: kila kilo 1 unayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Kwa maumivu, naanza na jeli ya diklofenaki ya kupaka. Vidonge vya jamii hiyo vyaweza kudhuru tumbo na figo, kwa hiyo uliza kwanza, hasa ukiwa na presha. Anayeuza dawa ya kuotesha gegedu upya, mwache na chupa yake.