Kuitambua denie ya Ufaransa: anzia kwenye kimsalaba

Juzi binamu yangu aliye Ufaransa alinionyesha kwa simu ya video kisarafu alichokiokota gulioni, chembamba kama ganda la kitunguu, kimepinda ukingoni. Ni denie, sarafu ndogo ya Ufaransa ya zama za kati, yenye madini ya fedha. Akauliza, "Kaka, hii ni ya mfalme gani?" Swali hilo ndilo lililonipoteza mimi pia zamani.

1. Pima. Chukua mizani ya sonara, ile ya jikoni haikufai. Denie ina karibu gramu 1. Oboli ni nusu denie, kwa uzito na kwa thamani.

2. Usiisafishe. Limau hapana, dawa ya meno hapana.

3. Soma maandishi. Zima taa ya dari, laza tochi mezani ili mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu. Mweko wa simu unafuta kila kitu, usibishane nami. Tafuta kimsalaba kidogo ukingoni: maandishi yanaanzia hapo, yanakwenda kisaa. Usitarajie herufi za shuleni. N huweza kuwa kama H, A ikakosa mstari wa kati, S ikalala chali. Tena sarafu waliigonga kwa nyundo, kipande cha madini kikitetereka upande mmoja unatoka mtupu. Basi usome upande uliopona, ujazie.

Ya binamu ilisema COMES CENOMANNIS, na nyuma SIGNVM DEI VIVI, yaani "ishara ya Mungu aliye hai". Mimi usiku mzima nilimtafuta mfalme aitwaye Comes! Kumbe ni cheo cha Kilatini cha mtawala wa jimbo, na CENOMANNIS ni jimbo la Maine huko Ufaransa, mji wake Le Mans. Jina lenyewe limefumwa katikati, herufi zimebebana: Erbertus, yaani Herbert.

Hapo usishangilie. Herbert alifariki karibu mwaka 1035, lakini mafundi waliendelea kugonga jina lake mpaka karne ya 13, kwa kuwa watu sokoni walishaizoea sura hiyo na kuiamini. Kwa hiyo jina linakupa mahali, halikupi mwaka. Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza, ni afadhali: denie zake za Poitou, jimbo la Ufaransa, zinasema wazi RICARDVS REX, na nyuma PICTAVIENSIS kwa mistari mitatu.

4. Linganisha na picha za minada iliyokwisha, herufi kwa herufi.

5. Ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki laini huacha ute wa kijani.