Washa indiketa kabla ya breki

Wanafunzi wengi ninaowafundisha udereva huwasha indiketa wakiwa wameshaanza kukata kona. Hapo haimsaidii mtu. Aliye nyuma anatakiwa ajue kabla hujagusa breki.

1. Kijue kijiti chako. Magari mengi ya Japani yana kijiti cha indiketa kulia kwa usukani, ya Ulaya kushoto. Ukibadilisha gari utawasha wipa jua likiwaka. Kwa gari lolote, kisogeze kijiti kule utakakozungushia usukani.

2. Tazama kioo cha ndani, kisha cha pembeni, ndipo uwashe. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde 3 kabla ya breki ni mita kama 40, zinatosha. Ila kama kuna kichochoro kabla ya chako, subiri ukipite. Bodaboda anayetokea humo ataamini unaingia kwake, atajitosa.

3. Geuza shingo upande unaokwenda. Bajaji na bodaboda hupenya popote, hata kushoto kwako. Indiketa haikupi haki ya kuchomekea.

4. Sasa breki, kisha kona. Usukani ukirudi, indiketa hujizima. Ukihama leni tu mara nyingi haijizimi, izime mwenyewe.

Kwenye kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, ndiko watu wanakoboronga. Unatoka njia ya kwanza kushoto? Washa kushoto tangu unapoingia. Unanyoosha? Ingia bila indiketa, ukishapita njia inayotangulia yako, washa kushoto. Unakwenda kulia, au unageuza ulikotoka? Ingia na kulia, kisha badilisha kushoto ukikaribia kutoka. Na tafadhali, hazadi, yaani indiketa zote kuwaka pamoja, si ishara ya kunyoosha! Aliye kushoto kwako huenda akaona taa za upande mmoja tu, akadhani unakuja kwake.

Barabara kuu ina lugha yake. Lori lililo mbele likiwasha kulia, mara nyingi dereva anakwambia usipite, kuna gari linakuja; akiwasha kushoto, anakwambia pita. Haimo kwenye sheria, na hiyo ya kulia inaweza kuwa kweli anakata kona. Mimi sipiti kwa macho ya mtu mwingine: nikiiona barabara tupu mwenyewe, nawasha kulia, napita, nawasha kushoto, narudi.

Indiketa ya upande mmoja ikianza kuwaka na kuzima harakaharaka, kwa kawaida balbu imeungua. Zunguka gari uitafute kabla ya kuondoka.