Kumtambua Mnyama Aliyekula Mifugo na Kuimarisha Boma

Mfugaji wa Kenya anayeamka na kukuta mbuzi ameuawa azuie kwanza watu na mbwa kuukaribia mzoga, kwa kuwa nyayo zikishakanyagwa hakuna tena wa kueleza ni nani aliyekuja usiku. Achune ngozi penye jeraha: damu iliyovilia chini yake inaonyesha kwamba mnyama aliumwa angali hai, na isipokuwepo, huenda alikufa kwa ugonjwa na fisi akajikutia mzoga tu. Fisi husingiziwa mengi.

Chui huuma koo, kisha huburura windo hadi kichakani au kulipandisha mtini, na nyayo zake hazionyeshi kucha. Fisi hurarua tumbo na mapaja, huvunja mifupa, na kucha zake huonekana wazi ardhini. Duma naye huacha alama za kucha, lakini huwinda zaidi mchana, kwa hiyo dawa yake ni mchungaji mtu mzima malishoni wala si ukuta wa boma.

Boma lijengwe kwa kumfikiria adui huyo. Fisi huchimba, hivyo wavu wa waya ufukiwe chini au ukandamizwe kwa mawe makubwa kuzunguka boma zima. Chui huruka na kupanda, hivyo zizi la mbuzi na kondoo lizibwe hata juu. Simba mara nyingi hahitaji kuingia: hunguruma au kuacha harufu yake ifike upande wa ng'ombe, nao kwa hofu huvunja ua wakamkimbilia mdomoni. Ndiyo maana ukuta uwe imara kwa ndani kama ulivyo kwa nje, na uwe mzito kiasi kwamba ng'ombe na simba wasionane. Mlango ndio hupuuzwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwani tawi la miba lililosukumwa kwa haraka jioni halimzuii mnyama yeyote.

Taa zinazomweka kwa zamu husaidia. Richard Turere, aliyechunga ng'ombe wa familia yake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi akiwa mtoto, aligundua kwamba simba humwogopa mtu anayetembea na tochi, akaunda taa za kuiga mwendo huo.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na kutia sumu kwenye mzoga ni kosa ambalo pia huua tai na mbwa wa jirani. Taarifa ipelekwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kumtega na kumhamisha mnyama msumbufu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu kudai fidia ya mifugo, ingawa malipo huchelewa. Kwa hiyo piga picha za mzoga, jeraha na nyayo, na usiuzike mzoga kabla ofisa hajauona.